Galatoni: Historia ya Gitaa la Bei Rahisi, na Langu la Sh6,500

Watu watatu wanaojua muziki wameniambia nimetupa pesa. Nimenunua gitaa kavu kwa Sh6,500, likiwa na mfuko wake mweusi wa kitambaa, na kila mmoja wa hao watatu alikuwa na lake la kusema. Wa kwanza alisema hizo si mbao, ni plaiwudi. Wa pili akasema nyuzi zimeinuka sana juu ya shingo, vidole vitaota sugu kabla sijajua hata wimbo mmoja. Wa tatu, ambaye hupiga kanisani na anaheshimika, aliniuliza swali moja tu: "Kwani ulitaka kupiga, ama ulitaka kuwa nalo?"

Swali poa sana hilo. Nilitaka kuwa nalo. Nilitaka kitu cha mbao kilicho na nyuzi sita kikae nyumbani kwetu kwa sababu kiliwahi kukaa kwetu na kikaondoka. Lakini sitaki mtu aniambie ati hiyo si sababu. Nimekaa miezi kadhaa nikifuatilia jinsi gitaa lilivyofika huku kwetu, na kadiri ninavyosoma na kusikiliza ndivyo ninavyoona kwamba muziki wote tunaojivunia ulianzia kwa magitaa kama langu: ya bei ya chini, yamenunuliwa na watu ambao hawakuwa na mpango wowote wa kuwa wanamuziki. Mtu amepata mshahara, amelipenda, amelibeba.

Tuanze na neno.

Babu yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Kuka kama Waluhya wengi wanavyoita babu zao, hakusema "gitaa" hata siku moja. Alisema "galatoni". Galatoni yangu ya Tabora, hivyo ndivyo alivyozoea kuanza. Alifanya kazi ya reli, na miaka hiyo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hivyo mtu wa Butere angeweza kuamka siku moja ameambiwa afunge sanduku aende Tabora na asione ajabu yoyote. Huko ndiko alikolinunua, mwaka wa 1964, na kwa maneno yake mwenyewe alikula ugali na dagaa mwezi mzima ili alilipie.

Wenzetu wa Tanzania hawahitaji kuelezewa neno hili. Wazee wa muziki wa dansi huko bado huliita gitaa kavu galatoni. Huku Kenya mimi nimelisikia kinywani mwa Kuka peke yake. Nilipoanza kulitafuta nikapata kwamba si Kiswahili, si Kinyamwezi, wala si Kireno kama nilivyokuwa nimeshaanza kubuni kichwani. Ni nembo ya kampuni. Gallotone.

Kuna mtu alikuwa anaitwa Eric Gallo. Mwaka wa 1926 alifungua duka la santuri Johannesburg, na baadaye kampuni yake ikawa kubwa kuliko zote za muziki Afrika Kusini. Gallotone ilikuwa nembo yake ya kwenye sahani za santuri. Lakini Gallo hakuishia kwenye sahani. Kampuni ilitengeneza pia magitaa, kiwanda kikiwa Durban, na hayo magitaa hayakuwa ya matajiri. Yalikuwa madogo madogo, mepesi, ya mbao za kubandikwa, na yalisambazwa kusini na kati mwa Afrika, kwenye miji ya migodi na ya reli, mahali popote palipokuwa na watu wenye mshahara wa mwezi na jioni zisizo na kazi. Ndani ya tundu kulikuwa na karatasi yenye jina. Watu wakaligeuza jina likawa kitu, vile sisi huita dawa yoyote ya viatu "kiwi" na penseli ya wino yoyote "biki".

Na hapa kuna jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu usiku. Gitaa la kwanza la John Lennon, huyo huyo wa Beatles, lilikuwa Gallotone. Gallotone Champion, limetoka Durban, likanunuliwa Uingereza kwa oda ya posta kwa pauni chache. Ndani lilikuwa limeandikwa hakikisho kwamba halitapasuka. Hakuna aliyeahidi sauti nzuri, waliahidi tu kwamba halitapasuka! Mwaka wa 1999 gitaa hilo liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Kwa hivyo Kuka wangu wa Butere na kijana wa Liverpool walianzia kwa kampuni moja, na kama kungekuwa na haki duniani ile ya Tabora nayo ingekuwa ndani ya kioo mahali fulani.

Lakini tusikae sana na Lennon, yeye ana watu wa kumwandikia. Huku kwetu ndiko kuna utamu.

Kampuni iliyouza gitaa ndiyo iliyouza sahani. Hebu fikiria hiyo biashara. Unasikia mtu akipiga gitaa kwenye santuri dukani, unapagawa, halafu kwenye ukuta wa duka limening'inia gitaa la nembo ile ile. Na mmoja wa watu waliosikika kwenye sahani za Gallotone alikuwa Mwenda Jean Bosco. Kama hujawahi kumsikiliza, tafadhali simama hapa, mtafute, kisha urudi.

Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 huko Katanga, Kongo. Mwaka wa 1952, akiwa na miaka kama 22, alikuwa akiishi Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mji wa migodi ya shaba. Watu wametoka kila upande, hawaelewani kwa lugha za mama, kwa hivyo wanaongea Kiswahili, Kiswahili chao cha Katanga ambacho ukikisikia leo utadhani ni ndugu wa Kiswahili chetu aliyelelewa na mjomba. Mwingereza anayeitwa Hugh Tracey alikuwa akizunguka Afrika na mashine za kurekodi, gari likiwa limejaa nyaya. Alimpata Bosco na kumrekodi, na miongoni mwa nyimbo za kwanza ni "Masanga". Gitaa moja, mtu mmoja. Ukisikiliza utadhani ni watu wawili, na mmoja wao ana haraka kuliko mwingine. Na yote hayo anayapiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba na kidole cha shahada. Basi.

Shikilia hivyo vidole viwili, nitavirudia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuja Nairobi. Hakuja kwa sababu ya sanaa, alikuja kwa sababu ya Aspro, ile tembe ya kichwa. Kampuni ilimtumia kutangaza dawa redioni. Mwenzake Edouard Masengo, naye wa Katanga, aliimba kwa ajili ya Coca-Cola. Kwa hivyo ukisikia watu wakilia ati siku hizi wasanii na sisi watu wa kutengeneza video tumeuza roho zetu kwa makampuni, waambie waulize wazee. Walioleta ule mtindo Nairobi waliuletea kwenye tangazo la tembe. Mimi naona hakuna aibu hapo. Bosco aliimba Kiswahili, redio ikasikika hadi kijijini, na vijana wa Kenya magharibi wakatega masikio mpaka wakaanza kuvunja vunja yale mapigo na kuyaunda upya.

Si kwamba Kenya ilikuwa inangoja Kongo iifundishe gitaa. Pwani kulikuwa na Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka wa 1924. Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto, alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha askari wa Afrika Mashariki, hao waliopelekwa hadi India, Ceylon na Burma. Hili jambo la vita huwa hatulifundishwi vizuri. Tunaambiwa askari wa KAR walirudi na mawazo ya uhuru, sawa, ni kweli. Walirudi pia wakiwa wamesikia rumba, waltz na vyombo vya kila aina, na baadhi walirudi na gitaa mkononi. Baada ya vita Konde akarekodi nyimbo za Kiswahili ambazo hadi leo bendi za hotelini zinazipiga bila kutaja jina lake. "Tausi Ndege Wangu" ni wake. Nakuhakikishia umeusikia kwenye harusi.

Na kuna kisa cha Wakipsigis, ambacho nakipenda kuliko vyote ingawa hakina gitaa ndani. Mwaka wa 1950 Tracey huyo huyo alikuwa Bonde la Ufa. Wasichana wakamwimbia wimbo uitwao "Chemirocha". Chemirocha ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa nyimbo za kantri aliyekufa mwaka wa 1933. Sahani zake zilikuwa zimefika vijijini pamoja na santuri za kukoroga kwa mkono, na watu walisikia sauti ya mwanamume na gitaa lake zikitoka kwenye kisanduku, wakamtungia huyo kiumbe nyimbo, wakampa mwili nusu mnyama. Walimwimbia kwa zeze lao la nyuzi. Yaani gitaa lilifika Kericho kama mzimu, sauti kwanza, mbao baadaye.

Sasa nyumbani.

Kenya magharibi ilizaa mtindo wake, ukaitwa omutibo, na jina kubwa hapo ni George Mukabi. Mluhya wa upande wa Kakamega. Alipiga kwa gumba na shahada, kama Bosco, lakini mwendo si wa Bosco. Mwendo ni wa isukuti. Kama umewahi kusimama kwenye mazishi au arusi ya kwetu ngoma za isukuti zikilia, ule mpigo unaokusukuma mgongoni, ndio Mukabi alioupandisha kwenye nyuzi za juu. Kando yake mtu alikuwa na chupa ya Fanta. Kwa nini Fanta? Kwa sababu chupa yake ilikuwa na mifereji ubavuni, ukiikwaruza kwa kijiti inatoa sauti ya kayamba. Bendi nzima hiyo: gitaa, chupa, na sauti mbili. Gharama yake yote, mtu wa mshahara wa chini angeweza kuimudu, na chupa ungeirudisha dukani asubuhi ukapewa pesa yako. Mukabi aliuawa mwaka wa 1963, mwaka ule ule wa Uhuru. Hakufika miaka 40. Alikuwa na mwanawe, Ouko Mukabi, ambaye aliendelea kupiga nyimbo za babake.

Kukhu, yaani nyanya yangu, aliniambia jirani wa kukwaruza chupa alikuwa na zamu yake pale kwetu. Jumamosi jioni anaingia na chupa mfukoni, anakaa kwenye kigoda, hasemi mengi. Galatoni ilining'inizwa juu ya kitanda, imefungwa kwa blanketi la reli. Watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Baba yangu aliigusa mara moja na bado anakumbuka alichokipata.

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kwenye vitabu vya shule ni sentensi moja na mtihani unauliza sababu nne. Kwa familia za reli ilikuwa ni mabehewa yaliyojaa watu, magodoro na kuku. Kuka alirudi Butere na sanduku la bati na galatoni. Alilima. Mwaka wa 1981 baba akapita mtihani, akaitwa Kidato cha Kwanza, na karatasi ya karo ikafika nyumbani na orodha ndefu: sanduku, blanketi, viatu jozi mbili, na pesa. Wakauza mbuzi wawili. Haikutosha. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameitazama ile galatoni kwa miaka, na akatoa mia nne.

Mimi nina maoni yangu kuhusu hapo. Mara nyingi kwenye familia zetu hadithi ya kuuza kitu kwa ajili ya shule husimuliwa kama ushindi: tuliuza ng'ombe, tuliuza shamba, na tazama. Na kweli baba alisoma, akapata kazi, sisi tukala. Lakini hakuna anayehesabu upande wa pili. Ng'ombe unaweza kununua mwingine. Muziki wa Kuka uliisha siku hiyo na hakuna mtu aliyeurekodi. Alitunga nyimbo, Kukhu anasema zilikuwa tano au sita, moja ya mlevi fulani wa stesheni ya Tabora ilichekesha kila mtu. Kukhu anakumbuka kiitikio na nusu ya ubeti. Hizo ndizo zilizobaki duniani.

Nami niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana, kwa hivyo nikiwaza kuhusu ile mia nne ninaona hesabu ambayo haijafungwa. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba watu wanaoniambia gitaa langu ni pesa ya kutupwa hawajui bei tuliyokwisha kulilipia.

Hao vidole viwili sasa. Kuka alipozeeka alikuwa na tabia ya kukaa nje ya nyumba na fimbo yake mapajani, na kidole gumba cha kulia na cha shahada vinatembea juu ya fimbo, tik-tik, tik-tik-tik, mara polepole mara mbio. Sisi wajukuu tulizoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Alifariki mwaka wa 2019. Miaka miwili baadaye nilikuwa naangalia video ya mzee mmoja wa omutibo, mpiga picha amesogeza kamera hadi kwenye mkono wa kulia, na nikaiona ile fimbo. Gumba chini, shahada juu. Mwendo ule ule! Miaka karibu arobaini bila gitaa na mkono ulikuwa bado unapiga.

Wiki hiyo ndiyo nilianza kuweka akiba.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtindo huu ulizimika, wakati ulikuwa na kila kitu. Sehemu moja ya jibu ni umeme. Miaka ya 1960 bendi zikapata magitaa ya umeme na vipaza sauti, baa zikataka dansi, na mtu mmoja na chupa hawezi kushindana na besi. Benga ikatokea upande wa Ziwa: vijana wa Kijaluo wakachukua mapigo ya nyatiti, ile yenye nyuzi nane, wakayahamishia kwenye gitaa. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Tanzania, mpakani Shirati, akaja na Shirati Jazz na nchi nzima ikasimama. Mimi sina ugomvi na benga hata kidogo. Lakini ona lugha ilichofanya: gitaa lisilo na umeme likaanza kuitwa "kavu". Kana kwamba yale mengine yamelowa! Kabla ya hapo halikuwa kavu, lilikuwa gitaa tu, ama galatoni. Jina likibadilika namna hiyo ujue kitu kimeshushwa cheo.

Sehemu ya pili inaniuma zaidi. Sahani zilikwisha, mashine zikaharibika, na hatukutunza. Ili mimi wa Kenya nisikie wazee wa gitaa kavu wa Kenya, nimelazimika kutegemea mikusanyo iliyofanywa na watu kama John Storm Roberts, Mwingereza aliyefanya kazi ya uandishi wa habari hapa kwetu na baadaye akawa anatoa muziki wetu wa zamani kutoka Marekani. Rekodi za Tracey zenyewe ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka wa 1954, na leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Wanafanya kazi nzuri huko, na hata walirudisha nakala za "Chemirocha" kwa Wakipsigis, wakishirikiana na watu wa Nairobi. Ketebul Music nao, hapa hapa Nairobi, wamezunguka nchi wakiwatafuta wazee wa benga na kuwarekodi. Lakini ukiangalia orodha za zamani utakuta nyimbo nyingi zina jina la wimbo, mahali, na mwaka, na mahali pa jina la mpigaji kuna jina moja tu, bila ukoo, ama jina ambalo limeandikwa na mtu asiyejua lugha. Na hao ndio wenye bahati. Hao angalau kuna mtu alifika na mashine.

Kwa hivyo kitu kinachobaki kwa sisi wengine ni vyombo. Ndiyo maana nimenunua chombo.

Turudi kwa plaiwudi basi, maana nimeahidi kumjibu yule wa kwanza. Fundi mkubwa wa magitaa aliyewahi kuishi labda ni Antonio de Torres wa Hispania, karne ya 19. Umbo la gitaa la leo la nyuzi laini ni lake kwa sehemu kubwa. Mwaka wa 1862 Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake si mbao kabisa, ni karatasi ngumu iliyobandikwa kwa gundi. Alitaka kuonyesha kwamba sauti iko kwenye ubao wa mbele. Gitaa hilo bado lipo, kwenye jumba la makumbusho Barcelona. Najua, najua, langu hata ubao wa mbele ni plaiwudi, Torres hawezi kuniokoa hapo. Linasikika kama linaimba likiwa limefunikwa blanketi. Lakini ukisikiliza zile rekodi za zamani vizuri, gitaa nyingi zinasikika hivyo hivyo, na hakuna anayelalamika.

Nilipolipeleka kwa fundi wa mtaani, kijana wa umri wangu anayetengeneza pia spika, alipiga msasa ule mfupa mdogo unaoshikilia nyuzi karibu na tundu, akaushusha kidogo, akanitoza mia tatu. Nyuzi zikashuka. Yule wa pili pia nimemjibu. Nyuzi zikiwa juu vile nilivyolinunua, mkono wa kushoto haupandi kwenda popote, unabaki pale mwanzo wa shingo, na ukitaka sauti ya juu unafunga penseli kwa raba juu ya nyuzi kama wapigaji wengi wa zamani walivyofanya. Nimejaribu penseli. Inafanya kazi vizuri kabisa, na ni shilingi kumi.

Karatasi ya ndani ya langu haina jina la maana. Imeandikwa tu kwamba limetengenezwa China. Nilisoma kuhusu wilaya inayoitwa Zheng'an, mkoa wa Guizhou, sehemu ya milima ambayo zamani haikuwa na kitu. Vijana wa huko walienda kufanya kazi kwenye viwanda vya gitaa Guangdong, mbali na kwao, na kuanzia mwaka wa 2013 baadhi wakarudi na ujuzi wakafungua viwanda vyao nyumbani. Sasa wanatengeneza mamilioni ya magitaa kila mwaka na kuyauza dunia nzima. Siwezi kusema langu limetoka huko. Ila nikiwaza mtu aliyebandika hizo mbavu, namwona kama mtu wa reli vile: ametoka kijijini, amefanya kazi mbali, amerudi na ujuzi kwenye sanduku.

Mpaka sasa najua mapigo mawili. La kwanza ni la mwendo wa chini, gumba peke yake, hilo nililipata kwa wiki tatu. La pili ni lile la fimbo. Kwa kuwa sikuwahi kulisikia, nililiona tu, inabidi nikae na kukumbuka mkono wa Kuka na kujaribu kukisia ni nyuzi gani ilikuwa chini ya kidole. Kukhu huwa anakaa kando. Nikikosea anasema "hapana" bila kueleza. Mwezi uliopita nilipiga kitu, akanyamaza, halafu akaimba ule nusu ubeti wa mlevi wa stesheni, na katikati akasimama akasema Kuka alikuwa akiharakisha hapo. Nimeurekodi kwenye simu. Dakika moja na sekunde kumi na moja, na jogoo analia nyuma.

Kama nyumbani kwenu kuna gitaa la zamani, hata kama limepasuka, chukua tochi ya simu, mulika ndani ya tundu, upige picha ile karatasi kabla haijaliwa na mende. Uliza lilinunuliwa mji gani na nani alikuwa akikwaruza chupa. Na kama kuna mtu anajua familia ya mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Butere, aliyenunua galatoni ndogo ya kahawia mwaka wa 1981 kwa shilingi mia nne, naomba aniandikie. Sitaki kuidai. Nataka kuiona tu, na kama nyuzi bado zipo, nimshikie Kukhu simu aisikie.